Barafu Yote Nimebeba Mimi

Binti yangu,

Leo Jumapili tarehe tisa ndiyo siku mambo yameharibika. Ukikuta friza tupu usishangae, barafu yote nimebeba mimi. Mdogo wako amelazwa.

Alirudi alfajiri kutoka kwenye sherehe ya wenzake, anacheka peke yake, meno yanasagana, mwili wa moto kama pasi. Eti kameza kidonge kimoja tu cha pinki, cha kuchangamsha. Daktari anasema ni sumu, dawa hizi mpya watu wanazojipikia, hata kipimo chao hakizijui. Kwanza apozwe mwili. Kwa barafu ipi? Mashine ya barafu ya wodi imekufa tangu mwaka jana, na wakubwa wao wanakaa kwenye viyoyozi mpaka wanavaa makoti! Nikamwambia muuguzi, "Ningojeni, nina friji nyumbani." Akadhani namtania.

Jaza tena trei, na friza usiifungue ovyo. Lete lile shuka jepesi la mama yako. Kula kwanza.

~~Wewe baki tu, utalia bure.~~ Njoo. Benchi lile la wodini ni refu mno kwa mtu mmoja.

Ni wodi ileile tuliyomuagia mama yako. Mdogo wako alipofumbua macho aliniuliza, "Baba, mama hajafika?" Nikamjibu yuko njiani. Naondoka, barafu inayeyuka. Akiniuliza tena, nimwambie nini?

Baba yenu