Kukata Matumbawe Bafuni

Jumanne, 3 Februari 1998

Zamu imeisha saa nane mchana. Nimerudi, nimepima chumvi ya tangi la samaki, nimeongeza maji. Tumbawe la kijani limezidi kutanuka. Limemgusa jirani yake na kumchoma. Upande mmoja wa huyo jirani umebaki mfupa mweupe. Lazima nilikate. Miaka minne nalilea, sijawahi kulitia kisu.

Hiyo siyo sababu ya kweli. Jumamosi, kwenye mkutano wa wafugaji wa samaki kule Markham, mtu alinisemesha kwa Kiswahili. Bwana Amirali, mzaliwa wa Mwanza, ana duka la miwani. Alizitazama picha za tangi langu kwa muda mrefu. "Niletee kipande, Bwana Hamisi. Na vile vinyama vidogo vya rangi ya chungwa pia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu tangu nifike nchi hii. Kwenye basi nilicheka peke yangu. Idi yenyewe nilishinda kazini, napanga trei za chakula cha abiria wa ndege.

Alhamisi, 5 Februari

Nimejaribu patasi na nyundo kwenye tumbawe lililokufa. Limesambaratika. Koleo nalo linaponda. Basi ni mashine ya umeme.

Jumamosi, 7 Februari

Duka la vifaa, Rexdale. Saa nzima nimesimama mbele ya rafu moja.

Msumeno wa mezani wa kukatia vigae: diski ya almasi, maji yanapita juu yake, mkato safi. Lakini ni mkubwa. Bafu langu halina pa kuuweka, na waya haufiki kibarazani. Msumeno wa mbao, ule wa kupanda na kushuka: utalitikisa tumbawe mpaka livunjike. Halafu kuna mashine ndogo ya mkononi, unene wa tochi, inazungusha diski ndogo kama sarafu. Inaingia kwenye kona. Ubaya wake, injini haitaki maji na tumbawe halitaki kukauka.

Muuzaji aliuliza nakata nini. Nikasema vigae. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nimechukua ndogo.

Jumapili, 8 Februari

Majaribio kwenye mfupa mkavu wa tumbawe. Inapiga kelele kama mashine ya daktari wa meno. Inakata vizuri mno.

Mama Neema wa ghorofa ya chini, mtu wa Uvira, alipanda kugonga. "Papa, unatoboa nyumba?" Nikaomba radhi. Alikunja uso, akashuka. Sikumbuki mlango huu uligongwa lini mara ya mwisho. Nilitaka akae kidogo hata kama ni kunigombeza.

Jumatano, 11 Februari

Nimekata. Bafuni, mlango nimefunga ili kelele isimfikie Mama Neema. Miwani ya kukinga macho, glavu, beseni la maji ya chumvi pembeni. Tumbawe la kijani: nakata kidogo, nachovya, nakata tena. Vipande vitano.

Kisha jiwe lenye vile vidogo vya chungwa, vinavyofanana na vifungo vya shati. Hivi ni vinyama laini, vinatoa ute. Diski ikaurusha kama moshi. Usoni, mdomoni, kila mahali. Nimeoga. Mdomo una ladha ya chuma.

Alhamisi, 12 Februari

Homa. Nilitetemeka tangu alfajiri. Kifua kinabana. Miguu haina nguvu. Sikwenda kazini. Sijui nimpigie nani.

Ijumaa, 13 Februari

Nimejikokota mpaka kwenye tangi kulisha samaki. Nikalala hapo hapo kwenye zulia. Ninaogopa. Ningekufa, wa kwanza kuona sipo angekuwa msimamizi wa zamu, na angedhani nimeacha kazi.

Jumatatu, 16 Februari

Niandike yote. Ijumaa mchana Mama Neema aligonga. Nilifika mlangoni kwa magoti. "Ile mashini imenyamaza siku mbili, ata miguu yako sisikie. Nikasema, uyu papa amekufa ama?" Akaita teksi, akanishika mkono mpaka hospitali.

Kwenye fomu kuna mstari wa jina la mtu wa kuitwa ukizidiwa. Nesi alisubiri. Niliutazama ule mstari kwa aibu. Mama Neema akaninyang'anya kalamu, akaandika jina lake.

Siku mbili za dripu. Daktari hakutambua ugonjwa. Nilimweleza kuhusu ule ute. Akaandika, akatikisa kichwa. Mimi sina shaka. Ni vile vifungo.

Jumatano, 18 Februari

Kifua kimefunguka. Mama Neema ameleta supu ya samaki, akaketi kulitazama tangi. Ameuliza kama hawa wanaliwa. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Nimeamua. Mashine ni ya matumbawe ya mfupa tu, tena dirisha wazi na pua imefunikwa. Vifungo sivikati tena kwa chochote.

Jumapili, 22 Februari

Nimempelekea Bwana Amirali vipande vyake. Mabasi matatu, ndoo mapajani, nimeifunga kwa blanketi. Nyumba yake kubwa, kimya. Mkewe alifariki mwaka juzi. Watoto wako Vancouver na humjibu kwa Kiingereza, hata kwenye simu.

Tumbawe la kijani alilipokea kwa mikono miwili. Nilipompa vifungo nikamwonya: asivikate, asivisugue, vina sumu. Nikamsimulia hospitali.

Akakaa chini. Akasema mwaka jana alilimwagia maji ya moto jiwe la vifungo hivyo hivyo ili kulisafisha, na mvuke ukampanda usoni. Siku nne kitandani, chumba cha juu, peke yake.

Nikakasirika. "Mbona hukuniambia, Bwana Amirali?"

"Nilidhani ni mafua. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?"

Hasira ikaniishia. Tukatazama vipande vikitulia ndani ya tangi lake, chini ya taa. Baadaye akauliza kama kwetu Tanga kuna joto sana mwezi huu. Nikamwambia. Akauliza jambo jingine, kisha jingine. Chai ikapoa, akatengeneza nyingine.