Ile Chapati Hukumwambia Mtu

Mama Zainabu wangu,

Ukisikia huko ulipo mtu anapiga kelele, ujue ni mimi, jirani yako wa ukuta mmoja. Bado niko hapa mtaani kwetu Nyamirambo, bado naongea. Zainabu wako amejifungua mtoto wa kike, pua ni yako kabisa, lakini hiyo siyo habari niliyokuja nayo. Ngoja nianze vizuri.

Unakumbuka ule mwaka kanisani walinichagua kiongozi wa wamama wa maombi? Walinichagua kwa sauti, siyo kwa roho. Wewe ndiye ulisema hivyo, ukacheka mpaka kanga ikaanguka. Kufunga kwetu kukaingia ndani ya Ramadhani yenu. Nikasimama mbele ya watu: "Siku saba, mpaka jioni, hata maji hapana! Asiyeweza aseme sasa!" Hakuna aliyesema. Mimi ndiye ningesema, sha.

Alfajiri nilikuwa sili kitu, jioni naruka juu ya chipsi na soda baridi kama mtu ametoka gerezani. Siku ya tatu tumbo iko inauma, kichwa iko inazunguka. Nikajificha nyuma ya jiko na chapati. Ndiyo wewe ukaingia kuomba mkaa.

"Mama Klodina, hayo ni maombi gani ya kutafuna?"

Nikakushika mkono, chapati bado iko shavuni. "Nakuomba usiniseme. Watanitoa kwenye uongozi."

"Nikuseme kwa nani? Mimi siko redio. Redio ya hapa ni wewe."

Basi. Kesho yake ukagonga ukuta kabla ya adhana: "Amka ule daku, kiongozi!" Jioni ukanipitishia thermosi ya igikoma, uji wetu wa mtama, na tende tatu. Ukaniambia, "Tumbo hufunguliwa polepole, kama mlango wa chumba chenye mtoto amelala." Na wewe mwenyewe ulikuwa hujaonja hata maji. Mwislamu akamsimamisha kiongozi wa Wakristo mpaka siku ya saba!

Jumapili wakanipigia makofi. Nikasema, "Mungu amenishika." Ni kweli, lakini sikusema alinishika kwa mkono wa nani, na ile chapati nikaimeza mara ya pili. Kufika nyumbani ukauliza, "Umewaambia?" Nikasema bado. "Haya. Mungu hana haraka."

Ile siri ukaenda nayo kaburini, Mama Zainabu. Miaka yote ile! Ningekuwa mimi, Nyamirambo yote ingejua kabla ya magharibi, na watu wa mbali kule Gahanga wangepiga simu kuuliza chapati ilikuwa na nini ndani.

Sasa sikia. Kwenye kiti changu siku hizi amekaa Beata, msichana mdogo, anaomba mpaka unasikia baridi mwilini. Wiki iliyopita, katikati ya mfungo, mtu alimwona anakula sambusa barabarani. Wamama wakaniletea mimi habari kwanza, si unanijua. "Mama Klodina, Jumamosi tunamtoa. Utasema wewe, kwa sababu wewe hukuanguka hata siku moja."

Hiyo ndiyo ilinichoma. Nilikaa na ile habari siku mbili mdomoni, sikumpa hata mwanamke anayeuza nyanya. Ungeniona, ungenipigia vigelegele.

Jumamosi Beata amekaa anatazama viatu vyake. Nikasimama. Nikatoa yote: jiko, shavu, thermosi, jina lako. Nikajua na mimi natoka. Halafu mama shemasi, yule asiyecheka hata kwenye harusi, akakohoa: "Mimi yangu ilikuwa maziwa."

Yesu we! Wamama walicheka mpaka wakalia, na kila mmoja akataja chake. Beata amebaki kwenye kiti.

Zainabu aliniachia thermosi yako, ile ya kifuniko kilichopasuka. Jioni ile niliijaza igikoma nikampelekea Beata, na tende tatu. Nikirudi nikapita karibu na ukuta wako, nikagonga. Mazoea tu.

Nimewaambia, Mama Zainabu. Asante. Mungu akulaze pazuri.

Jirani yako, ile redio,
Mama Klodina