Gia Nyepesi za Kaka Yako

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Baba watoto naye? Na lile jino lililokuwa likikukesheza, limekubali kung'olewa? Sisi hatujambo kwa sasa. Nimesema "kwa sasa" makusudi. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila niliposhika kalamu, aibu ilinishika mimi.

Kaka yako alianguka na baiskeli mwezi wa Desemba. Usishtuke, mtulinga, ule mfupa wa bega, ulivunjika lakini umeshaungana. Nataka ujue kilichomwangusha kabla hujasikia kwa watu.

Unaijua ile baiskeli yake ya bluu, nyembamba kama mbuzi wa njaa, aliyoshindania mbio kabla hajanioa. Siku hizi magoti yanamlalamikia, na karakana yake ya viti iko juu ya kilima. Fundi wa baiskeli alimweleza kwamba gia zile ziliwekwa kwa ajili ya vijana wa mashindano. Atie gia ya nyuma iliyo pana zaidi, yenye meno mengi, na ya mbele iwe ndogo. Miguu itazunguka sana, ila mzigo utapungua. Alirudi ana furaha, akanionyesha mezani kwa sahani na kizibo cha chupa: "Sahani nyuma, kizibo mbele. Kilima kitalainika, mke wangu!"

Kweli kililainika. Lakini Jumamosi moja wenzake wa zamani wa mbio walikuja kunywa chai, nami ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Bingwa wenu sasa anaendesha cherehani. Miguu mbio, safari haiendi." Walicheka mpaka chai ikamwagika. Naye alicheka.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Jumatatu alirudishiwa gia za zamani bila kunieleza. Kwenye mwinuko mkali pedali iligoma, baiskeli ikasimama, na mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye pedali kwa mkanda, kama wafanyavyo watu wa mbio. Akaenda chini kama gunia, bega likatangulia.

Fundi ndiye aliyeileta baiskeli nyumbani. Akaniambia, "Shemeji, nilimkataza. Akasema nyumbani kwake wanamcheka."

Wifi, nilitamani sakafu inimeze. Nilimwogesha, nilimvisha shati, nilimkatia chakula, na kila nilipoomba radhi alinijibu, "Ulikuwa utani tu." Angenigombeza ningepumua.

Alipoanza kupona nilikwenda kwa fundi. Alikuwa na gia mbili, moja pana, nyingine pana zaidi, na akataka nimwambie afunge ipi. Sikuthubutu kumchagulia mtu niliyekwisha kumvunja. Nilizibeba zote mbili kwenye kikapu hadi kitandani kwake. Alizipima mkononi, moja moja, kisha akanipa ile pana zaidi.

Jana daktari alimruhusu. Alipanda kilima, nami nyuma kwa miguu, nikitweta. Alikwenda polepole kiasi kwamba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimpita, lakini hakushusha mguu hata mara moja. Kule juu akanisubiri, jasho likimtiririka.

"Haya, sema," akaniambia.

Nilijua anangoja nini. Nikafungua kinywa, utani ukakataa kutoka, yakatoka machozi. Akaniegemeza kwenye bega lile lililopona. "Tangu nianguke hunichokozi," akasema. "Nyumba imepoa. Sikupandia gia hizi ili ninyamaziwe."

Basi wifi, wewe ndiye mtani wangu wa kwanza katika ukoo huu. Niandikie unichokoze, unitukane ukitaka, nizoee tena. Peke yangu sijaweza.

Watoto wanamwamkia shangazi yao. Nisalimie baba watoto, na mkwe wako yule mpya. Mungu awalinde barabarani na vitandani.

Wifi yako akupendaye, na anayeona haya,
Mama Pacha