Muhogo Hauna Macho

Mlingotini, Bagamoyo

Kwa dada yangu Zuleha,

Shikamoo dada. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Ubena, wewe na watoto, na shemeji naye, kama bado anakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanahama. Mimi mzima, nazidi kuwa mtanashati. Anayebisha namwachia Mungu. Ningekupigia simu, ila ungenikatiza kabla sijamaliza.

Lile eneo alilokuwa akilima marehemu mama limechukuliwa na mwenyewe, anajenga. Niling'oa mihogo yote kama ulivyoniagiza. Jirani yetu Bi Mayasa akaniuliza vijiti vya kukupelekea ukapande nitaviweka kivuli gani. Nikamwambia bibi, hayo ya zamani. Mimi nimefika kidato cha pili, najua kiazi mviringo hukatwa vipande kikafukiwa kikaota, sasa muhogo mnono utashindwaje na kijiti kikavu? Akacheka, akasema haya profesa, tutakuja kula kwako.

Nikachagua mihogo minono, nikaifukia nyuma ya nyumba ichipue, nikuletee uringe nayo. Vijiti nikavianika juani, nikavifanya kuni.

Juzi nimefukua. Imeoza yote, inanuka, chipukizi hata la dawa hakuna. Nikaenda jikoni kwa Bi Mayasa, nikakuta viazi mviringo vyake vimechipua kikapuni, hata udongo havijaonja. Nikavigeuzageuza: kila chipukizi limetoka kwenye jicho. Nikaupapasa na muhogo wake mmoja kote, hauna jicho. Kumbe kiazi kile ni shina lililonenepea chini ya ardhi, ndiyo maana lina macho. Muhogo ni mzizi tu, umeweka akiba ya chakula. Macho yake yalikuwa kwenye vijiti.

Dada, mbegu ya mama haipo tena. Nimeuliza Mlingotini nzima, nikafika mpaka Dunda. Mihogo ipo, lakini si ule wake unaopasuka wenyewe chunguni. Najua umeshapiga matuta unanisubiri. Panda chochote, mvua isikupite. Ukija nitukane mbele za watu, sitajibu.

Na lingine sitakuficha. Ile michache ambayo sikuifukia niliichemsha siku ileile kwa vijiti vyake vyenyewe, nikaila kwa tui. Ilikuwa mitamu, dada. Sikujua kuwa ndiyo ya mwisho.

Wabusu watoto, mpe shemeji salamu zake. Bi Mayasa anakusalimu sana. Nilipomweleza hakunicheka, na bora angecheka.

Mdogo wako,
Kibwana