Kwa Mama Tshibola, aliyetaka kujua fainali iliishaje

Mama, mwaka umetimia tangu tukuzike Mwene-Ditu, kisha tukarudi kuishi Kolwezi, na nyumba iko kimya, maana hakuna tena wa kutuuliza maswali.

Ulipenda kuuliza, wewe! Hukununua nyanya kabla hujaambiwa zimelimwa wapi na nani. Padri ulimuuliza viatu vyake vilitoka wapi, tena mara tu baada ya komunyo. Baba alikuwa akisema ulizaliwa kuwa hakimu, basket ikakuiba.

Na kweli ilikuiba. Ulianza kwenye uwanja wa saruji wa parokia, hapa Kolwezi, ukiwa mfupi kuliko wote, kwa hiyo wakakupa kazi ya kugawa mpira. Miaka tisa ulikuwa meneuse, mwongoza mchezo, wa timu ya wanawake wa mgodini, namba nne mgongoni. Ulicheza Likasi, Lubumbashi, hata Kinshasa. Hukurusha mpira kikapuni kama ulimwona mwenzako aliye wazi.

Halafu mwaka 1993 wakasema watu wenye asili ya Kasai watoke. Wewe ulizaliwa Kolwezi, Kasai hukuijua hata kwa dirisha la treni. Wiki tatu mlilala nje ya gare, stesheni ya treni, na mizigo yenu. Kaka yetu Kalombo, mtoto wa miezi minane, alifia pale pale. Jumapili ya fainali ya timu yenu ulisikia kelele za uwanjani, usijue wanamshangilia nani. Jioni treni ikaja.

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, ulifundisha wasichana basket, ukatulea kwa Kiswahili ingawa majirani walikucheka. Kila aliyetoka Kolwezi ulimuuliza mambo mawili: Tulishinda? Nani alicheza nafasi yangu? Wengi walikuwa gare pamoja nawe, na waliobaki hawakujali basket ya wanawake. Kuhusu Kalombo hukusema neno. Kuhusu fainali hukunyamaza. Mpaka leo tunajiuliza kwa nini. Ulituacha hujapata jibu, na hilo limetuuma sana.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita jina lako liliposomwa katika misa hapa Kolwezi, mama mmoja mrefu alitufuata mlangoni. Alikuwa Fidélie, mchezaji mwenzako.

“Mi njo nilivalaka maillot yake ya namba nne ku fainali,” akasema, kabla hata ya kutusalimia. “Kaka yangu alikuwa kati ya bale balifukuza bantu. Niliogopa. Hata maji sikumupelekea ku gare.”

Ndaya, binti yako, akauliza kama ungeuliza wewe: “Mulishinda?”

“Tulishinda, mwanangu. Na pointi moja.” Ndipo akaanza kulia.

Siku hizi ana duka Dilolo, na magoti yake ni mabovu kama yako. Alituomba kitu kimoja tu: aandikwe hapa, pamoja na wanaokukumbuka. Baba alikataa katakata. Yeye ndiye aliyemchimbia Kalombo kaburi kwa mikono yake. Siku nne hakutaka kusikia jina la yule mama nyumbani. Jumapili, akiwa anakula bukari, akasema bila kuinua macho:

“Mumuandike. Lakini mwisho.”

Siku zote tutakukumbuka, Mama: mume wako Mpoyi, watoto wako Ndaya na Henri, mjukuu wako Shekina, anayeuliza kuliko wewe, na, mwisho, Fidélie.