Mzee, Bado Ulikuwa Ukiingia Saa Kumi na Mbili

Mzee wangu,

Sopa. Najua hutaitikia, lakini ulinizoesha kukusalimu kabla sijagusa mashine yoyote, na siwezi kuanza kukosa adabu leo.

Habari za ofisini Kitengela ni nzuri. Mashine yako ya kanda, ile inayotunza picha zetu, ingali hai, na mkono wake bado unatetemeka kabla ya kushika kanda, kama mzee aliyenyimwa ugoro. Wageni wanaokuja kutazama ghala letu la picha za malisho zinazopigwa kutoka angani nawaeleza kwa maneno yako: kuna mtu anayeingia kwa kompyuta, akaandika jina lake na neno la siri, akaomba picha anayotaka, na kuna programu inayojichukulia picha bila mtu kuwepo. Kila mmoja na mlango wake. "Mtu asiazime programu jina lake," ulikuwa ukituambia, kidole juu, nasi tukiandika kama watoto wa shule.

Sasa nikuulize. Wiki ile baada ya kukuzika Kajiado, nilifika mapema nikakuta orodha ya walioingia ghalani, ile inayojichapa kila asubuhi nasi tunaibandika mlangoni. Jina la kwanza lilikuwa lako. Saa kumi na mbili kamili. Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Kisha nikaelewa, nikacheka hadi askari wa lango akaja kuona kama niko salama. Ile programu ya ramani ya nyasi, uliyoiandika haraka mwaka wa ukame ili wafugaji wa Bisil wajue pa kupeleka ng'ombe, uliipa jina lako mwenyewe la kuingilia. Wewe! Kweli mganga hajigangi.

Mkubwa wa ofisi alitaka akaunti yako ifungwe kabla ya Ijumaa, ndio utaratibu. Nikiifunga, ramani inakufa, na huko Bisil mvua ilikuwa imekataa tena, watu wakiingoja karatasi ya ramani hiyo sokoni. Nilimwambia nashughulikia. Nilimdanganya, Mzee. Nilipenda kukuona pale juu kila asubuhi.

Kisha mkeo, Mama Nasieku, akaja kuchukua koti lako, na orodha ilikuwa bado mlangoni. Kwetu jina la aliyetangulia halitajwi, nami nilikuwa nalibandika kila siku mbele ya kila anayepita. Niliona haya. Alilitazama kwa muda, mkono juu ya shanga zake, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Hata huko alienda bado anawahi kazi," akasema. Kisha, polepole: "Sasa mwachilie apumzike, msichana wangu."

Alhamisi nikaifungulia ile programu ya ramani akaunti yake, isiyo na jina la mtu. Nikairuhusu kusoma picha tu, isifute chochote, vile ulivyofundisha na mwenyewe hukufanya. Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikagundua ulikuwa umeandika neno lako la siri ndani yake sehemu mbili, na neno lenyewe ni jina la yule fahali wako mwekundu. Mzee! Nikarekebisha. Halafu nikafunga akaunti yako, mimi mwenyewe, sikumwachia mtu mwingine.

Ijumaa saa kumi na mbili orodha ilitoka bila wewe. Nilisimama nikisikiliza. Mashine ikashika kanda, picha zikatoka, ramani ikachapwa, na kufikia adhuhuri ilikuwa imebandikwa sokoni Bisil. Jumamosi ng'ombe walikuwa njiani kuelekea kwenye nyasi, na hakuna mfugaji aliyejua kwamba kitu kimebadilika. Niliimba peke yangu ofisini, kwa sauti mbaya ileile uliyoikataza.

Ahadi yangu ni hii: katika ghala hili hakuna kazi ya watu itakayotegemea jina la mtu mmoja. Nimekagua programu zote. Nimekuta nne nyingine zinazoingia kwa jina la mtu, na jina hilo ni langu. Nazipa milango yao, moja baada ya nyingine, ili siku yangu ikifika, nami niachiliwe nipumzike.

Olesere, Mzee.

Naserian