Majani Yale Yalikuwa Yangu

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka Guangzhou. Natumaini goti limepoa na Mama analala vizuri. Mimi ni mzima, ila sina ruhusa ya kutoka mji huu. Simu yangu polisi wanayo, ndiyo maana nimempa barua hii mwanafunzi mwenzangu anayerudi Nairobi.

Rafiki yangu Halima bado yuko mahabusu. Unamkumbuka alivyokuja nyumbani Maua kuchukua ile pakiti ya miraa iliyokaushwa, aniletee isaidie kufukuza usingizi nikisoma. Huku ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku. Walipomfungulia begi uwanja wa ndege wakamuuliza ni ya nani, akasema, "Yangu." Alijua nimebakiza tasnifu tu.

Wakili wake ni mama mmoja mpole. Aliniomba nikawe mkalimani wao huko mahabusu, nikakubali. Siku ile nilimuuliza lile uliloniambia kwenye simu: je, hatuwezi kuiomba mahakama iseme sheria hii inakiuka katiba? Nikamweleza jinsi ninyi wakulima mlivyoipinga ile amri ya kuzuia magari ya miraa, na jaji akaifuta.

Akavua miwani. "Katiba tunayo," akasema. "Lakini hapa jaji hafuti sheria. Anaitumia kama ilivyo. Kuifuta ni kazi ya bunge."

"Basi sisi tuombe nini?"

"Elezeni ukweli. Majani ni ya nani, na yalikuwa ya kazi gani."

Nikamtafsiria Halima haya yote. Alinitazama kupitia kioo, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Usimwambie. Maliza shule, Makena."

"Anasemaje?" wakili akauliza.

"Anaomba blanketi," nikajibu.

Baba, siku nne nilishindwa kula. Halima ana watoto wawili Mombasa, na mimi nilikuwa nakaa maktaba kana kwamba sijui kitu. Siku ya tano nikaenda polisi mwenyewe, nikawaambia majani yale yalikuwa yangu. Niliandika maelezo, nikasaini. Wakachukua pasipoti na simu. Sasa naripoti kituoni kila wiki, na chuo kimesimamisha masomo yangu. Wakili hajui kama maelezo yangu yatamtoa Halima au yatatufunga sote wawili. Nashinda chumbani. Kila nikisikia viatu kwenye korido, nasimama.

Nisalimie Mama, na umweleze polepole. Msalimu dada yangu Kendi, na shangazi Karimi anayeniombea kanisani. Mume wa Halima mtafute wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Jambo moja nimeshindwa kumjibu wakili. Juu ya pakiti kulikuwa na neno "chai", kwa mwandiko wako. Halima aliamini ni chai, hakujua amebeba miraa. Wakili atakupigia akuulize kwa nini uliandika hivyo. Tafadhali mjibu ukweli, Baba, hata kama mimi hujaniambia.

Binti yako,
Makena